Wimbo wa babu, na sanduku la michango



Mwezi uliopita, hapa Karavia, mkutano wa michango ulipoisha, muzee mumoja aliyerudi toka kambi ya Kala, kule Zambia, alianza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kutembea wa babu yake, soda wa Force Publique. Vijana wakacheka. Mama mumoja akawakata: "Muache, akikufa huyu, na wimbo unakwenda." Sisi tulikuwa na daftari mkononi, tukaandika paka majina na franka. Haya tuliona nyuma yake.

Watu wa Ulaya wanasoma hadi leo mashairi ya basoda wao, kama Wilfred Owen, juu yaliandikwa. Basoda wa kwetu wengi hawakupelekwa masomo. Shairi lao lilikuwa wimbo, na lilikaa mu kichwa.

Mu 1915 basoda wa Katanga walipigana Saisi, ku mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka uliofuata jeshi la Jenerali Tombeur liliingia katika koloni ya Wajerumani, na tarehe 19 Septemba 1916 likakamata Tabora. Nyuma ya bunduki walitembea wapagazi, zaidi ya laki mbili mu vita muzima. Njaa na magonjwa viliwamaliza wengi.

Mu kambi za vita ile kulikuwa ngoma ya beni. Ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ikiiga bendi za Wazungu. Vita ndiyo iliitembeza mbali: askari, wapagazi na wafungwa, pande zote mbili, waliicheza. Wachezaji walijipa vyeo, huyu Kingi, yule Jenerali. Mutungaji aliimba mambo ya siku zile na kuwachokoza wapinzani, Marini kwa Arinoti. Mutu aliyepigiwa amri muchana alikuwa jenerali magaribi! Hatujui kejeli nzuri kuliko hiyo.

Kiisha vita, beni ikafika mu miji ya migodi, na hapa Élisabethville pia. Wakubwa wa koloni waliitazama kwa wasiwasi, kuona watu weusi wanajipanga na vyeo bila ruhusa yao. Lakini ndani ya zile ngoma kulikuwa sanduku. Wachezaji walichanga, wakasaidia mugonjwa, wakazika mwenzao aliyekufa mbali na kwao.

Hapo njo tunajibu mufadhili mumoja aliyetuuliza, kwa haki kabisa, wimbo unasaidia nini mutu asiye na mabati. Watu waliotoka vitani, wageni mu mji, walianza na wimbo, na sanduku likakaa pembeni ya ngoma. Sisi tuliotoka Kala na Mwange tulianza na sanduku, wimbo tukauacha ku mulango.

Na si vita moja tu. Basoda wa Kongo walikwenda hadi Ethiopia. Saio, tarehe 3 Julai 1941, Jenerali Gazzera wa Italia alijitoa mikononi mwao. Wajukuu wao wako kati yetu.

Kwa hiyo Jumamosi ya pili tutabaki saa moja kiisha michango, na telefone ya kurekodi. Mwenye muzee anayekumbuka amulete. Kama hawezi kutembea, mutuonyeshe nyumba, tutafika sisi. Yule muzee wa Kala amekubali kuanza, ila anaomba vijana wale wawili wakae mbele.