Diski za Bwaise na Sauti Iliyofunika Sauti

Anayeteremka kutoka Makerere kwa barabara ya Bombo, akapita Kavule, hufika Bwaise kabla hajachoka. Ni mtaa wa bondeni katika Tarafa ya Kawempe, uliojengwa penye kinamasi, na mvua kubwa ikinyesha maji huingia mpaka vyumbani. Ndani yake kuna kitongoji kiitwacho Kimombasa, jina ambalo wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza hulifurahia sana. Lakini makala haya hayahusu majina ya vitongoji. Yanahusu diski za sinema zilizouzwa huko, vibandani na barazani, tangu miaka ya mwanzo ya 2000 hadi flashi na simu zilipozifukuza sokoni. Kila mtu alizilalamikia, na kila mtu alizinunua.

Sababu za kulalamika zilikuwepo. Diski ilitiwa katika mfuko wa nailoni pamoja na karatasi iliyofotokopiwa, na si ajabu karatasi ionyeshe nyota wa filamu moja chini ya jina la filamu nyingine. Baadhi ya filamu zilikuwa zimepigwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema ughaibuni, hivi kwamba katikati ya mapigano mtazamaji mmoja huinuka kwenda zake na kichwa chake kikafunika shujaa. Nakumbuka niliwahi kurudisha diski iliyoganda penye dakika ya arobaini. Muuzaji aliipangusa kwa fulana yake, akaiinua juani, akaniambia, "Mwalimu, hii ni nzima, mashine yako ndiyo mgonjwa." Nilirudi nayo nyumbani.

Ubovu huo haukuwa uzembe mtupu. Kiwango cha VCD, kilichotangazwa mwaka 1993 na kampuni za Philips, Sony, Matsushita na JVC, kilikusudiwa kuibana picha inayotembea katika diski ya kawaida ya muziki. Picha yake ilikuwa na nukta 352 kwa 288 tu, na diski moja ilibeba kama dakika 74. Filamu ya saa mbili ikalazimika kukatwa vipande viwili, na aliyekata hakujali kama mhusika alikuwa katikati ya sentensi. Zilipokuja DVD mtu angedhani mambo yangetengemaa. Badala yake wanakili walizibana filamu kumi au zaidi katika diski moja, na picha ikarudi kuwa miraba miraba kama zamani. Ongeza kwamba nakala ilitokana na nakala, kwamba diski tupu zilizotumika zilikuwa za bei ya chini kabisa, na kwamba mnunuzi wa Bwaise alitaka filamu mpya wiki hii kwa bei ya chakula cha mchana.

Hata hivyo kasoro kubwa kuliko zote, kwa maoni ya wageni, ilikuwa sauti. Juu ya sauti za waigizaji ilipandishwa sauti ya mtu mmoja anayesema Kiluganda mwanzo hadi mwisho: anatafsiri, anaeleza, anacheka, anamtukana adui, anataja jina lake mwenyewe ili mwizi mwenzake asimwibie kazi. Huyo ndiye VJ. Kazi hii ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 katika kumbi ndogo za video, ambapo mfasiri alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, akipunguza sauti ya filamu kila alipotaka kusema. Baadaye sauti hiyo ikarekodiwa juu ya kanda, kisha juu ya diski, na majina kama Jingo na Junior yakawa makubwa kuliko ya waigizaji wa Marekani waliokuwa wakiwasemea. Kitaalamu kulikuwa na njia ya kutenganisha. VCD ina njia mbili za sauti, na huko Hong Kong wachapishaji waliweka Kikantoni upande mmoja na Kimandarini upande wa pili. Katika diski za VJ zilizopita mikononi mwangu sauti zote mbili zilikuwa zimechanganywa, na haiwezekani kumwondoa mfasiri bila kuiondoa filamu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu waliozidharau. Mwaka 2005 kulipatikana Shanghai diski ya wizi ya filamu ya Star Wars ambayo maandishi yake ya Kiingereza yalitafsiriwa ovyo hata Baraza la Jedi likageuka Kanisa la Presbyterian. Huko hapakuwa na mtu aliyeelewa alichokitafsiri. Diski ya Bwaise ni kinyume chake: picha mbovu, sauti mbovu, lakini ndani yake yumo mfasiri aliyewajua wasikilizaji wake mmoja mmoja. Anampa jambazi wa Los Angeles jina la Kiganda, anaufananisha mtaa wa Chicago na Katwe, anaeleza amana ya benki kwa mfano wa chama cha kuwekeana fedha. Tunachowafundisha wanafunzi kwa istilahi ndefu za nadharia ya tafsiri, yeye alikifanya papo kwa papo, pengine jenereta ikinguruma nje.

Msomaji wa jarida letu atauliza Kiswahili kilikuwa wapi. Katika maneno kilikuwepo. Ukumbi wa video huitwa kibanda, neno lisilohitaji kamusi kwetu. Filamu zilizosemewa huitwa enjogerere, kutokana na kitenzi okwogera, kusema, na muundo wake ni ule ule wa kauli yetu ya kutendea. Katika diski zenyewe hakikuwepo. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, lakini tangazo la serikali halimwuzii mtu diski. Kwa wengi Kampala, Kiswahili kilikuwa bado na harufu ya kambi za jeshi. VJ alifuata masikio ya wateja wake.

Dar es Salaam kazi hiyo hiyo ilifanyika kwa Kiswahili. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alisemea filamu za kigeni kwa miaka mingi, na kanda zake zikauzwa kama za VJ zinavyouzwa huku. Bahati yake ni kwamba watafiti walimfikia. Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz ameandika juu yake na wenzake. Baadaye wakaja akina Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, na filamu za Bongo zilizogawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe mara mbili, zenye tafsiri ya Kiingereza chini ya picha ambayo mwalimu yeyote angeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nazo zimo katika historia hii.

Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inasema haki ya kutafsiri ni ya mwenye kazi. Kwa sheria hiyo diski ya VJ ilikuwa kosa mara mbili, kwa kunakiliwa na kwa kutafsiriwa. Sibishani na sheria. Nasema tu kwamba ilitupa sisi wa chuoni kisingizio kizuri. Maktaba gani ingeorodhesha mali ya wizi? Hivyo kwa takriban miaka ishirini mamia kwa mamia ya tafsiri za mdomo zilitolewa mwendo wa dakika chache kutoka madarasani mwetu, na hatukuziweka.

Kuna tukio moja linaloonyesha thamani ya diski mbovu. Kule Wakaliga, upande wa pili wa jiji, Isaac Nabwana alitengeneza mwaka 2010 filamu ya Who Killed Captain Alex? kwa fedha kidogo mno. Waigizaji waliuza diski zake wenyewe nyumba kwa nyumba, wakikimbizana na wanakili. Kisha Nabwana akazifuta faili za filamu hiyo katika kompyuta yake ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine. Filamu isiyo na msemaji imepotea. Toleo lililobaki, lililowekwa YouTube mwaka 2015 na kutazamwa mara mamilioni, ni lenye sauti ya VJ Emmie juu yake, picha ikiwa hafifu vile vile. Aliyetaka kuiona safi amechelewa.

Mimi nilianza kuzikusanya za Bwaise nikiwa nimechelewa pia. Muuzaji niliyemzoea alikuwa amekwisha hamia kwenye kujaza flashi. Zake za zamani alizitundika kwenye shamba la mtama la mama yake kufukuza ndege, nyingine zilikwenda na mafuriko. Alinipa kumi na moja zilizobaki, bure, akinicheka. Nne zimekubali kusomeka. Ya tano inafunguka, VJ anajitambulisha, anawasalimu watu wa Kimombasa, kisha inaganda.