Kompyuta inajuaje kuna monita?

Leo tuongee juu ya swali linaloonekana dogo: programu yako inajuaje kwamba kuna skrini imechomekwa nyuma ya kompyuta, na kwamba ni skrini ipi?

Swali hili lilinishika mwaka 2020 hapa Kihoto, Naivasha, ziwa lilipopanda hadi likaingia majumbani. Wenye saiba na vibanda vya fotokopi walihamisha mashine harakaharaka, zikarundikwa katika chumba kimoja upande wa juu. Siku ya kuzichukua, mama wa saiba na kijana wa fotokopi wakagombania monita moja. Zote zilikuwa za modeli moja, stika za nyuma zimebanduka kwa maji. Nikaitwa. "Fundi, si hivi vitu huwa na namba ndani?"

Zipo. Lakini hazikuwapo tangu mwanzo.

Mwaka 1987 IBM ilitoa kompyuta za PS/2 pamoja na VGA, ile plagi ya pini 15 ambayo baadaye tulizoea kuiona ya bluu. Pini nne kati ya hizo zilitengwa kwa utambulisho. Monita ya rangi iliunganisha pini ya 11 na graundi. Isiyo ya rangi iliunganisha ya 12. Mazungumzo yaliishia hapo! Kadi pia iliweza kupima umeme: kila waya wa rangi unaishia kwenye ukinzani wa omu 75 ndani ya monita, kwa hiyo volteji ikishuka kuna kitu upande wa pili. Ni kama kubisha hodi ukasikia mtu akikohoa. Unajua kuna mtu, hujui ni nani.

Mwaka huohuo Macintosh II ilikuwa tayari inabeba skrini zaidi ya moja, na programu iliomba orodha yake kwa GetDeviceList. Sisi wa PC tulisubiri sana.

Mambo yalibadilika 1994. Muungano wa watengenezaji uitwao VESA ulichukua pini ya 12 na ya 15 ukazigeuza njia ya I2C, mbinu iliyobuniwa na Philips mwaka 1982. Ndani ya monita ikawekwa chipu ndogo yenye baiti 128 zinazoitwa EDID. Hicho ndicho kitambulisho cha monita. Kinaanza na 00, kisha FF mara sita, kisha 00 tena. Zinafuata herufi tatu za mtengenezaji zilizobanwa katika baiti mbili, biti tano kwa kila herufi: ukiona 10 AC, hiyo ni DEL, yaani Dell. Halafu namba ya modeli, namba ya pekee, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukihesabu kuanzia sifuri, mwaka uko kwenye baiti ya 17, nawe unaongeza 1990. Ikisema 14, monita ni ya 2004. (Wanunuzi wa mitumba, mnanisikia? Muuzaji anaweza kubandika stika mpya, lakini si rahisi aiguse baiti ya 17.) Pini ya 9 inapeleka volti 5 kwenye chipu hiyo, kwa hiyo monita nyingi husomeka hata zikiwa zimezimwa. Kebo nyingi za bei rahisi hazina waya hizi, ndiyo maana projekta ya kanisani picha inakataa kukaa sawa na lawama anapewa fundi.

Upande wa programu, Windows 98 ilileta skrini hadi 9 na amri ya EnumDisplayMonitors. Wengi hunaswa hapa: skrini mbili zikionyesha picha ileile, amri hiyo inakwambia kuna moja tu, maana inahesabu maeneo ya picha, sio vyombo. Ukitaka vyombo tumia EnumDisplayDevices. Linux ilipata RandR 1.2 mwaka 2007, na siku hizi unafungua tu /sys/class/drm na kusoma faili la edid. Mimi napenda hii zaidi. Faili ni faili.

Sasa, Windows ina tabia moja iliyotusaidia. Haisahau. Kila monita iliyowahi kuchomekwa huachwa ndani ya rejista, chini ya Enum\DISPLAY, EDID yake ikiwa nzima. Nikawasha kompyuta ya mama na ya kijana, nikatoa namba zilizohifadhiwa, kisha nikachomeka monita ya ugomvi kwenye laptopu yangu. Namba yake: 16843009.

Nikaitafuta kwa mama. Ipo. Kwa kijana. Ipo pia! Kuiandika kwa heksi nikaona 01 01 01 01. Mtengenezaji hakujisumbua, alipiga muhuri mmoja kwenye monita zote.

Ikabidi nirudi kwenye wiki ya kutengenezwa. Rejista ya mama ilikuwa na wiki ya 31 pekee, ya kijana wiki ya 31 na ya 44. Monita ilisema 44. Kijana akaibeba. Mama alinitazama kwa muda, akaniuliza wiki ya 44 ni mwezi gani, nikamwambia ni kama mwisho wa Oktoba, akasema yeye za kwake alinunua Agosti.