Sauti Njema kwa Fedha Kidogo: Namna Stereo Ilivyoingia Katika Nyumba za Watu Wasio Matajiri

Mkiwa kanisani wakati wa kuimba, fumbeni macho kidogo, msikilize. Sauti za wanawake zatoka upande huu, za wanaume upande ule, na kinanda kinalia huko nyuma karibu na mlango. Hakuna aliyewaonyesha, masikio yenyewe yamejua. Sasa twaeni santuri ya zamani ya wimbo ule ule, mwiweke katika gramafoni. Maneno ni yale yale, lakini waimbaji wote wamesongamana mahali pamoja, kana kwamba kwaya nzima imefungiwa kabatini na kuimba kwa tundu la ufunguo.

Hivyo ndivyo watu walivyosikia muziki nyumbani tangu Edison alipotengeneza fonografu yake mwaka 1877, muda wa miaka 80. Twataka kueleza jinsi tundu la pili lilivyotobolewa. Zaidi ya hayo twataka kueleza jambo lisilosimuliwa mara nyingi, yaani jinsi sauti hiyo njema ilivyopatikana na mtu mwenye mshahara mdogo. Maana kitu kuvumbuliwa ni jambo moja, na kitu kufika mezani kwa mfanyakazi ni jambo jingine kabisa.

Kwanza tuseme juu ya masikio. Sauti ikitoka upande wa kuume, hufika katika sikio la kuume mbele kidogo ya lile la kushoto. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini akili huipima bila kukosa. Tena kichwa chenyewe huzuia sauti nyembamba zisifike kwa nguvu katika sikio lililo ng'ambo. Mwaka 1907 mtaalamu wa Uingereza, Lord Rayleigh, alieleza mambo hayo mawili kwa pamoja. Basi, mtu akitaka kudanganya masikio kwa uzuri, hana budi kuyapelekea sauti kwa njia mbili, si moja.

Wafaransa walikuwa wamekwisha kulionja jambo hilo kabla ya maelezo hayo. Mwaka 1881, kwenye maonyesho makubwa ya umeme huko Paris, Clément Ader alipanga mikrofoni za simu mbele ya jukwaa la Opéra, akavuta nyaya mpaka nyumba ya maonyesho. Msikilizaji alishika vipokeo viwili, kimoja kwa kila sikio. Kumbe! Alimsikia mwimbaji akitembea jukwaani kutoka kushoto kwenda kuume, naye hakuwa amemwona. Watu walipanga mstari ili kusikia. Lakini lilikuwa ajabu la maonyesho tu. Hakuna aliyeweza kulichukua kwenda nalo nyumbani.

Ikapita miaka 50. Yasemekana kwamba injinia mmoja wa London, Alan Blumlein, alikwenda sinema na mwanamke ambaye baadaye akawa mkewe. Akaona kwamba mchezaji asimama upande mmoja wa kitambaa na sauti yake yatoka upande mwingine, akamwambia mwenzake kwamba yeye ajua dawa yake. Desemba 1931 alipeleka serikalini maombi ya hati ya uvumbuzi, na ndani yake yamo karibu yote tunayoyatumia mpaka leo: namna ya kupanga mikrofoni mbili, na namna ya kuandika njia mbili za sauti katika mfereji mmoja wa santuri. Mfereji ule una kuta mbili, kama bonde kati ya milima miwili. Ukuta mmoja huchukua sauti ya kushoto, na wa pili ile ya kuume; sindano hupita katikati na kuguswa na zote mbili. Mwaka 1934, katika studio za Abbey Road, alijaribu mashini zake wakati Sir Thomas Beecham alipokuwa akiongoza mazoezi ya muziki wa Mozart.

Blumlein hakuiona santuri yake ikiuzwa. Tarehe 7 Juni 1942 alikufa katika ajali ya ndege ya Halifax, alipokuwa akijaribu mashini za radar kwa ajili ya vita. Alikuwa na umri wa miaka 38, na hati 128 za uvumbuzi. Wamarekani nao walikuwa wamejaribu kwa njia zao. Mwaka 1933 maabara ya Bell ilipeleka muziki wa okestra kwa waya kutoka Philadelphia mpaka Washington, kwa njia tatu za sauti. Hata hivyo santuri ya stereo haikutolewa mpaka mwisho wa mwaka 1957, na mwaka 1958 makampuni ya Marekani yakapatana juu ya mfereji wa kuta mbili.

Mwaka ule ule wa 1958, huko Kamina, kwaya ya Padri Guido Haazen iliimba Missa Luba kwa mara ya kwanza. Fikirini: mmoja anaongoza, kundi linajibu, ngoma zinapita katikati. Muziki wa namna hiyo wadai nafasi, la sivyo watu wanakanyagana.

Sasa twafika penye shida. Mwenye gramafoni ya kawaida alikuwa na amplifaya moja na spika moja. Stereo ikamwambia: nunua mbili mbili. Tena spika njema za siku zile zilikuwa kubwa mno. Sababu yake ni hii. Utando wa spika husukuma hewa mbele na nyuma pamoja. Ikiwa hewa ya nyuma yaweza kuzunguka na kukutana na ile ya mbele, sauti nene hufutana, na ngoma hubaki kama kopo tupu. Kwa hiyo mafundi walijenga makasha mapana kama makabati, au tarumbeta za mbao zilizokunjwa, kama ile ya Paul Klipsch ya mwaka 1946, iliyowekwa katika pembe ya chumba. Ni kazi nzuri, hatuikatai. Lakini mtu mwenye sebule moja, na watoto, na kitanda cha mgeni, aweke wapi makabati mawili?

Mtu aliyevunja fundo hilo ni Edgar Villchur. Alizaliwa mwaka 1917, akakaa Woodstock katika jimbo la New York, akifundisha mambo ya sauti jioni katika chuo kikuu. Wengine walitafuta kasha kubwa zaidi, yeye akauliza swali jingine: ni kitu gani kinachorudisha utando mahali pake baada ya kusukumwa? Katika spika zote ilikuwa ni ukingo mgumu wa utando wenyewe, na ukingo ule haukuvuta kwa usawa. Ukivutwa sana hukaza, na sauti nene hupotoka. Villchur akaona kwamba hewa iliyofungwa katika kasha dogo ni springi bora kuliko ukingo ule. Shika pampu ya baisikeli, ziba tundu kwa kidole, sukuma: utaisikia springi hiyo mkononi. Basi akaulegeza utando kabisa, akafunga kasha pande zote, akalijaza nyuzi laini. Kwa spika ya kwanza mkewe Rosemary alikata ukingo laini katika kitambaa cha godoro.

Na kumbe kasha lenyewe lilipaswa kuwa dogo! Likiwa kubwa mno, springi ya hewa hulegea. Udogo ulikuwa sehemu ya dawa. Villchur aliwaendea wenye viwanda, wakamkataa. Ndipo mwanafunzi wake Henry Kloss, aliyekuwa na karakana yake huko Cambridge, Massachusetts, alipoungana naye, na mwaka 1954 wakaanzisha kampuni ya Acoustic Research. Spika yao ya kwanza, AR-1, iliingia katika rafu ya vitabu, na kutoa sauti nene kuliko makabati mengi. Mwaka 1957 wakaleta AR-2, ya bei nafuu zaidi.

Walakini ukiondoa mzigo hapa, mwingine utaubeba pale. Spika ile ndogo ilikula nguvu nyingi za umeme. Ilihitaji amplifaya yenye misuli, na amplifaya kama hiyo ilikuwa ghali.

Hapo tumtaje Mwingereza Williamson. Mwaka 1947 alitangaza katika gazeti la Wireless World ramani nzima ya amplifaya bora, ili kila mwenye mikono aijenge. Hakuificha kwa wenye viwanda. Watu wa nchi nyingi waliijenga mezani kwao. Mwaka ule ule kampuni ya Heath, ya Benton Harbor katika Michigan, ilianza kuuza mashini za umeme katika vipande, na kitabu cha kumwongoza mtu hatua kwa hatua: ya kwanza ilikuwa chombo cha kupimia kilichotengenezwa kwa masalio ya vita, kwa dola 39 na senti 50. Baadaye zikaja amplifaya. Mnunuzi alilipa kwa jioni zake badala ya kulipa kwa fedha.

David Hafler wa Philadelphia aliziunganisha njia hizo. Kiungo kigumu katika amplifaya ya taa za radio ni transfoma, na hiyo mtu hawezi kuifuma vizuri nyumbani. Basi kampuni yake ya Dynaco, iliyoanza mwaka 1955, ilitengeneza transfoma bora, ikaunganisha kiwandani sehemu ndogo ndogo zenye kuchosha, na kumwachia mnunuzi nyaya zilizobaki, koleo na chuma cha kulehemu. Mwaka 1959 ilitoa Stereo 70, amplifaya mbili juu ya bati moja, wati 35 kwa kila upande, kwa dola 99 na senti 95. Ziliuzwa zaidi ya 350,000. Twaona hiyo ndiyo sadaka ya kweli ya Hafler kwa wasikilizaji: alijua kipi kifanywe na kiwanda, na kipi mtu wa kawaida aweza kufanya bila kuharibu.

Mwaka 1961 Villchur akamaliza seti hiyo kwa meza ya kuzungusha santuri, iliyoning'inizwa ndani kwa springi ili mtu akipita chumbani sindano isiruke. Bei yake ilikuwa dola 58. Tufanye hesabu: meza 58, amplifaya karibu 100, sanduku la vifungo vya kuongozea, nalo la kujiunganishia, karibu 60, spika mbili za AR-2 karibu 200. Zapita dola 400. Tusidanganyane, hizo si fedha kidogo. Mshahara wa chini kabisa wa sheria huko Marekani mwanzoni mwa mwaka ule ulikuwa dola 1 kwa saa. Kwa hiyo ni kazi ya majuma 10 bila kula. Lakini seti iliyoshindana na ile ya tajiri sasa ilihesabika kwa majuma, tena iliweza kununuliwa kipande kwa kipande.

Labda msomaji atauliza: aanzie wapi? Wataalamu wengi wa siku zile walijibu spika, na jibu hilo lingali jema, kwa maana amplifaya mbili nzuri hufanana, bali spika mbili hutofautiana kama watu wawili. Na baada ya spika yafuata mambo yasiyo na bei hata kidogo, ambayo wengi huyaacha. Spika mbili na kiti cha msikilizaji vifanye pembe tatu zilizo sawa. Ile ndogo ya sauti nyembamba iwe kimo cha masikio ya aliyeketi. Ukiisukuma spika kwenye pembe ya chumba, sauti nene itaongezeka, mara nyingi kupita kiasi. Ivute mbele kidogo, usikilize tena. Chumba kitupu cha saruji hurudisha mwangwi. Pazia zito na mkeka vyasaidia kuliko mashini mpya. Tena angalieni nyaya. Upande mmoja ukiunganishwa kinyume, utando mmoja husukuma wakati wa pili unavuta, na sauti nene hukimbia. Tumeona watu wakilaumu duka kwa sababu ya waya mbili zilizobadilishana mahali.

Iko habari moja ya mwisho juu ya Villchur. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1956, lakini kampuni nyingine ilibisha, ikionyesha hati ya zamani iliyokaribia wazo lake. Alishindwa kwenye kesi, wala hakukata rufani. Tangu hapo kila kiwanda kikawa huru kutengeneza makasha madogo yaliyofungwa, yakatapakaa duniani, na bei ikashuka. Yeye mwenyewe baadaye akageukia vyombo vya kuwasaidia wasiosikia vizuri, akawaachia watu kazi yake hiyo bila kuitafutia hati. Alikufa mwaka 2011.

Spika yake ya AR-3, ya mwaka 1958, imewekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian huko Washington. Dada zake zingali zikilia katika nyumba za watu. Anayetafuta spika kuukuu kwa bei ndogo afungue kitambaa cha mbele, aguse ukingo wa utando kwa kidole. Nyingi za miaka ya 1970 na baadaye zina ukingo wa povu, nao huoza na kuvunjika kama mkate mkavu, hata haina budi kubadilishwa. Zile za kwanza za Villchur zina ukingo wa kitambaa, na mara nyingi kitambaa hicho ni kizima hata leo.