Mshale wa juu unakumbuka nini?

Leo tuangalie kitufe kimoja tu cha kibodi: mshale wa juu. Ukiwa kwenye dirisha la amri la hifadhidata ukakibonyeza, amri uliyoandika mwisho inarudi. Je, tabia hii ilianzia wapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika csh, programu ya kupokea amri kwenye Unix. Ukiandika !! ilirudia amri ya mwisho. Muongo mmoja baadaye Brian Fox wa mradi wa GNU akaandika Readline, maktaba ambayo programu nyingine ziliweza kuitumia. Ndivyo mshale ulivyofika kwenye psql na mysql. Kumbukumbu hukaa kwenye faili: .psql_history au .mysql_history.

Mwanzoni psql ilihifadhi kila mstari peke yake. Swali la mistari kumi lilirudi vipande vipande! PostgreSQL 8.2 ya mwaka 2006 ikaliweka swali zima pamoja.

Tatizo zito zaidi ni siri. Tangu toleo la 5.6, mysql haihifadhi amri zenye IDENTIFIED au PASSWORD. Sawa, lakini majina ya watu je? Huku magharibi mwa Kenya si mchezo. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006 katika mpango wa AMPATH wa kutibu UKIMWI, hutumia MySQL. Sasa chukulia fundi anamtafuta mgonjwa kwa jina. Hifadhidata ina neno la siri, lakini jina lile linabaki kwenye faili la kawaida. Anayefuata kwenye akaunti hiyo hiyo abonyeze mshale tu. Na tangu 2019 sheria ya Kenya ya kulinda data inahesabu hali ya afya kuwa taarifa nyeti.

Wengine watasema faili hilo ni ushahidi wa nani alifanya nini. Hapana: mwenye akaunti anaweza kulihariri atakavyo. Ushahidi uwekwe na seva. Kazi ya mshale ni kupunguza kuandika, kwa hiyo usahaulifu uwe rahisi.

Kwenye psql, weka hii ndani ya .psqlrc:

\set HISTCONTROL ignorespace

Amri ikianza na nafasi tupu, haihifadhiwi. Kwa mysql, elekeza MYSQL_HISTFILE kwenye /dev/null.

Fungua faili lako leo uone limekumbuka akina nani. Tuko pamoja!