Jinsi Watu Walivyowawaza Watoto Vipofu na Viziwi, na Habari za Shule Zao

Katika kitabu hiki cha Yubilee zimeandikwa habari nyingi za makanisa yaliyojengwa, na za hospitali, na za shule. Sisi twataka kuandika habari za shule chache ambazo watu wengi hupita karibu nazo wasiingie, yaani shule za watoto wasioona, na wasiosikia, na wenye ulemavu wa namna nyingine. Walakini hatutasimulia majengo tu. Nyumba ya darasa hujengwa kwa miezi michache, bali mawazo ya watu hugeuka kwa miaka mingi. Basi tutaeleza jinsi watu wa nchi yetu walivyowawaza watoto hawa tangu siku za wazee hata leo, na mahali ambapo mawazo hayo hayajageuka bado.

Si haki kusema kwamba wazee wetu hawakuwa na huruma. Mzee aliyepofuka uzeeni hapa Ugogo aliheshimiwa. Aliongozwa kwa fimbo na mjukuu wake, akapewa kigoda mahali penye kivuli, na neno lake lilisikiwa barazani. Kazi yake alikwisha kuifanya, na upofu wake ulikuwa kama mvi zake. Lakini mtoto aliyezaliwa kipofu au kiziwi alikuwa jambo jingine. Watu waliuliza, Ni nani aliyekosa? Wengine walimtuhumu mama, wengine walisema mizimu imekasirika, wengine walikwenda kwa mganga ili watajiwe jina la adui. Nyumba zetu za tembe zilikuwa na vyumba vya ndani visivyo na dirisha, na humo mtoto wa namna hii aliweza kukaa siku zote. Mgeni alipouliza hesabu ya watoto wa nyumba, huyo hakuhesabiwa. Hakupigwa, wala hakunyimwa chakula, ila hakutajwa.

Nasi tunaokwenda nyumba kwa nyumba kufundisha twajua ya kuwa swali lile halijafa. Wanafunzi wa Bwana wetu waliuliza vivyo hivyo, kama isimuliwavyo katika Yohana sura ya 9, nao walijibiwa ya kwamba si yeye aliyekosa, wala si wazazi wake. Hata hivyo Wakristo wengi walioisikia sura hiyo kanisani waliendelea kuuliza swali la wanafunzi, wakalisahau jibu.

Sababu za upofu katika nchi kavu kama hii zajulikana. Trakoma, ambayo wengi huiita vikope, huenea kwa mikono, na nguo, na nzi, pale ambapo maji ni haba na nyuso za watoto hazioshwi. Ugonjwa huanza utotoni. Ukirudi mara nyingi, kope hugeukia ndani zikakwaruza jicho, na mtu hupofuka akiwa mkubwa. Surua nayo ilipofusha watoto wengi, hasa waliokosa chakula chenye vitamini A, na dawa kali za kienyeji zilizotiwa machoni zilizidisha madhara. Kwa sababu hiyo sindano ya surua, na mboga za majani, na maji ya kunawia uso, vimeokoa macho mengi kuliko ramli zote zilizopigwa tangu zamani.

Shule ya vipofu ya Buigiri, mashariki ya Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Ilikuwa ya kwanza ya namna yake katika Tanganyika. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wametangulia kidogo, maana shule ya Thika ya Jeshi la Wokovu ilianza mwaka 1946. Yafaa kukumbuka siku zile zilikuwaje. Huko Kongwa, si mbali na Buigiri, serikali ya Kiingereza ilikuwa imeleta matrekta kwa mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947. Watu walisema utajiri wa nchi umefika. Hata mwaka 1951 mpango ule uliachwa, fedha nyingi zikiwa zimepotea, na matrekta yakanyamaza. Shule ya Buigiri, ambayo hakuna aliyeitazamia utajiri wowote, ingalipo hata leo.

Wazazi wa siku zile walikuwa na hoja zao, nazo hazikuwa za kipumbavu. Kwanza walisema, Mtoto huyu hawezi kuchunga wala kulima. Akijua kusoma, atakula herufi? Pili walisema, Vitabu ni kazi ya macho. Asiye na macho atasomaje? Tatu walisema, Ada ni chache na watoto ni wengi. Kwa nini tumpe huyu, tukamnyima yule mwenye kuona? Hoja hii ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na hata leo husemwa kwa sauti ya chini, na si na wazazi peke yao.

Hoja ya pili ilikuwa imekwisha kujibiwa zamani huko Ufaransa. Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809, alijiumiza jicho kwa chombo katika karakana ya baba yake aliyeshona matandiko ya farasi, akiwa na umri wa miaka 3, kisha akapofuka macho yote mawili. Alipelekwa Paris, katika shule ya vipofu ambayo Valentin Haüy aliianza katika karne iliyotangulia, na mwaka 1829 alitoa kitabu kilichoeleza maandishi yake ya nukta zilizoinuka. Sisi twayaita nukta nundu. Nukta ni 6 tu, katika safu mbili, na kwa kuzipanga mbalimbali hupatikana alama 63, ambazo zatosha kwa herufi, na tarakimu, na hata noti za muziki. Mwandishi hutumia kibao na kijiti chenye ncha, akichoma karatasi kutoka kuume kwenda kushoto, kisha huigeuza na kuisoma kwa ncha za vidole kutoka kushoto kwenda kuume. Karatasi ni nene na nukta zataka nafasi, kwa hiyo Biblia nzima huwa majuzuu mengi ya kujaza rafu, wala haichukuliki kwapani kama Biblia zetu.

Twaamini ya kwamba hotuba hazikuwageuza watu sana. Kilichowageuza ni mtoto aliyerudi nyumbani wakati wa likizo, akatandaza karatasi zake magotini mwake, akasoma gizani, taa ikiwa imezimwa, wakati ambapo ndugu zake wenye macho hawakuweza kusoma neno. Aliyeona jambo hilo mara moja hakuweza tena kusema kwamba vitabu ni kazi ya macho.

Baada ya Buigiri shule nyingine zilifuata. Shule ya vipofu ya Furaha huko Tabora ilianza mwaka 1962, na ya Irente, Lushoto, ya Kanisa la Kilutheri, mwaka 1963. Mwaka huo wa 1963 Kanisa Katoliki lilianza shule ya viziwi Tabora. Kwa habari ya viziwi, fikira za watu zilikuwa ngumu zaidi. Kipofu hujibu aulizwapo, na watu huijua akili yake kwa maneno yake. Kiziwi hajibu, kwa hiyo watu wengi walidhani hana akili, wakamwita bubu, wakaishia hapo. Wala kosa hili si la Waafrika peke yao. Padre de l'Épée alikuwa amefundisha viziwi wa Paris kwa ishara za mikono tangu karne ya 18. Hata hivyo mwaka 1880 waalimu waliokusanyika Milano waliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa kinywa tu, na ishara ziachwe. Karibu wote walioamua walikuwa watu wenye kusikia. Kwa miaka mingi watoto wa nchi nyingi walikatazwa lugha ya mikono yao wenyewe, mpaka watu walipokiri ya kuwa lugha ya alama ni lugha kamili, yenye sarufi yake.

Sasa twafika mahali penye uchungu. Shule hizi za bweni zilifungua mlango wa chumba cha ndani, lakini zilileta kosa la pili ambalo wenye kuzijenga hawakulikusudia. Watu walianza kusema, Huyu ni mtoto wa misheni. Baba alimpeleka mtoto shuleni, akashukuru, akarudi nyumbani na moyo mwepesi. Wako waliokuja kuwachukua watoto wao kila likizo, na wako ambao hawakuja. Mtoto alijifunza kusoma na kusuka, ila hakujua tena jina la mjomba wake, wala kijiji hakikumjua. Alitoka katika chumba kisicho na dirisha akaingia katika nyumba yenye madirisha mengi, walakini alikuwa bado hahesabiwi kwao.

Jambo hili lilionekana wazi kwa watoto wenye ualbino. Tangu mwaka 2007 hivi, watu waovu walipowaua wenye ualbino kwa imani za kishirikina, hasa upande wa Ziwa, watoto wengi walikusanywa katika shule kama Buhangija ya Shinyanga ili wahifadhiwe. Ulikuwa wokovu wa kweli, maana uhai hutangulia masomo. Lakini shule ile ilikuwa ya wasioona, na mtoto mwenye ualbino si kipofu. Macho yake ni dhaifu tu. Akikaa mbele karibu na ubao, akapata miwani na vitabu vya herufi kubwa, akavaa kofia na mikono mirefu juani, aweza kusoma pamoja na wenzake. Hatari ya wauaji ilitaka ukuta. Udhaifu wa macho haukutaka ukuta wowote.

Hata lugha yetu imeshuhudia mawazo yetu. Twasema mtu na mtoto, lakini wazee waliita kipofu, na kiziwi, na kiwete, na kilema, kwa ki- ile ile ya kiti na kisu. Siku hizi wengi husema mtu asiyeona, au mwenye ulemavu. Hatuwalaumu waliotumia maneno ya zamani, nasi tumeyatumia katika habari hizi, wala jina jipya halimpi mtoto dawati. Lakini ni vema jina lianze na mtu. Wazee walikuwa na methali iliyo bora kuliko majina yao: Hujafa hujaumbika.

Njia ya tatu nayo si mpya. Shule ya Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam, ilianza kuwachanganya wasioona na wenye kuona katika miaka ya 1960. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliwawajibisha wazazi kumpeleka shule kila mtoto wa miaka 7, na sheria ya mwaka 2010 ya watu wenye ulemavu ilitamka haki yao ya kusoma pamoja na wengine. Chuo cha Patandi, mkoani Arusha, kimefundisha waalimu wa elimu maalumu. Shule za bweni zingali na kazi, hasa kwa viziwi, ambao hujifunza lugha ya alama vizuri wakiwa wengi pamoja, na kwa wale ambao kwao hakuna mwalimu wa nukta nundu. Lakini zisiwe mahali pa kuwasahau watu.

Ninyi waalimu, mambo mengine hayangoji fedha. Ukiandika ubaoni, tamka unachoandika, na asiyeona atakuwa amesoma nawe. Ukisema, uwaelekee watoto, usiuambie ubao, ili asiyesikia vema aone midomo yako. Mwenye kuelewa polepole mgawie kazi vipande vidogo. Mzazi akija na mtoto wa namna hii siku ya kuandikisha, usiseme, Mpeleke shule yao. Andika jina lake kwanza, ndipo muulizane jinsi ya kumsaidia.

Na ninyi wazee wa kanisa na akina mama wa jumuiya, twawaomba jambo moja kwa ajili ya Yubilee hii. Kabla ya kuandikishwa watoto kwa mwaka ujao, piteni nyumba kwa nyumba katika mtaa wenu, mkaulize hesabu ya watoto. Mkijibiwa watatu, ulizeni tena kwa upole, Je, hakuna mwingine ndani? Na wale walio mbali katika mabweni, andikeni majina yao katika daftari la mtaa, mjue ni siku gani wanarudi likizo, na ni nani atakayekwenda kuwapokea.