Benki ya Nyumba Ilipolegeza Kamba

Ndugu msikilizaji, wiki hii nazungumzia mikopo ya nyumba. Ukipita Njoro, hapa Moshi, utaona misingi iliyoota majani na kuta zinazongoja bati. Watu wanajenga kwa mshahara wa mwezi, tofali baada ya tofali. Wengi huniuliza: kwa nini benki zisilegeze masharti ili kila mtu apate nyumba?

Jibu limo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha Benki ya Nyumba Tanzania kwa nia njema, ili mwananchi wa kawaida akope kwa riba nafuu. Lakini katika miaka ya 1980 bei za vitu zilipanda kwa takriban asilimia 30 kila mwaka, na riba ikabaki chini. Kwa mwendo huo bei huongezeka maradufu kabla ya miaka mitatu kwisha. Aliyekopa mapema alirudisha shilingi zilizokwisha thamani. Aliyechelewa alikuta saruji imepanda na fedha za kukopa zimepungua. Wengine hawakulipa kabisa, na benki haikuwa na meno ya kuwabana. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Mwaka 1995 matanga yakafika: benki ikafungwa.

Nani aliumia? Si yule aliyekwisha hamia kwake. Aliumia kijana aliyeanza kazi baadaye, akakosa pa kukopa kwa muda mrefu. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipatikana mwaka 2008, na kampuni ya TMRC, inayozipatia benki fedha za muda mrefu, ikaundwa mwaka 2010.

Hata Marekani, benki zilikopesha ovyo. Bei za nyumba zikapaa, kisha zikaporomoka, na kufikia mwaka 2008 dunia nzima ilitikisika.

Ndugu msikilizaji, mkopo hauzai kiwanja. Huku mlimani kihamba ni cha ukoo, si mali ya kupelekwa rehani hivi hivi, na viwanja vya mjini ni vya kugombea. Fedha rahisi zikimwagika juu ya viwanja vichache, anayenufaika ni muuzaji. Kwa maoni yangu, tuanze na viwanja vilivyopimwa na hati, ndipo ije mikopo inayolipika. Deni asilolipa jirani yako leo ndilo nyumba atakayoikosa mwanao kesho.

Tukutane wiki ijayo.