Grafiki Jumuishi

Anayetaka kuunda kompyuta ndogo ya bei nafuu, ya kutazamia filamu za intaneti sebuleni na kuchezea gemu nyepesi, hawezi kuikwepa istilahi hii. Ndiyo inayoamua bei, ukubwa wa kasha na hata kelele za feni. Grafiki jumuishi ni sehemu ya kuchora picha iliyochongwa, kwa kawaida, katika kipande kilekile cha silikoni chenye kichakataji. Katika vichakataji vyao vikuu, Intel walifika hapo mwaka 2011 kwa Sandy Bridge. AMD, waliokuwa wameinunua kampuni ya ATI mwaka 2006, walitoa vya kwao mwaka huohuo.

Husikika pia "grafiki ya ndani". Jina hilo linapotosha, maana kadi ya grafiki nayo hukaa ndani ya kasha, imechomekwa kwenye ubao mama. "Iliyopachikwa" nalo halifai: kilichopachikwa hubanduka, hii haibanduki. Nachagua "jumuishi" kwa kuwa msomaji analijua tayari katika elimu jumuishi, ambako wanafunzi wenye ulemavu na wasio nao husoma darasa moja. Kiini cha teknolojia hii ni huko kutumia pamoja: kadi ina kumbukumbu yake yenyewe, ilhali grafiki jumuishi hugawana RAM na kichakataji.

Na hapo ndipo wengi hukosea manunuzi. Chukua Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, kichakataji cha AMD chenye grafiki jumuishi. Ukiiwekea kipande kimoja cha RAM ya DDR4-3200 cha gigabaiti 16, data hupita njia moja tu, gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Vipande viwili vya gigabaiti 8, vikichomekwa katika nafasi zake sahihi, hufungua njia mbili: 51.2. Jumla ya RAM ni ileile, lakini gemu iliyokuwa ikikwamakwama hupata nafuu kubwa. Hata hivyo, kadi ya GTX 1050 ya mwaka 2016 ina gigabaiti 112 kwa sekunde, tena bila kugawana na yeyote. Kwenye 5600G, Minecraft na League of Legends zitachezeka vizuri. Gemu kubwa mpya zenye picha za kiwango cha juu, usizitarajie.

Filamu zina hesabu nyingine. Kusimbua video ni kazi ya sakiti maalumu ndani ya grafiki hiyohiyo. 5600G husimbua video za mifumo ya H.264 na VP9 bila taabu, ila haina sakiti ya AV1, mfumo unaotumiwa na YouTube, hivyo mzigo huo hukielemea kichakataji. Intel N100, kichakataji cha wati 6 kilicho dhaifu kwa mengine, inayo. Asiyecheza gemu achukue hiyo.

Tazama pia herufi ya mwisho ya jina la kichakataji. Vichakataji vya Intel vya mezani vinavyoishia na F, kama Core i5-12400F, havina grafiki inayofanya kazi. Bei yake huvutia, kisha mnunuzi hulazimika kutafuta kadi ambayo huenda kasha lake dogo halina nafasi ya kuipokea.